Aliyefunikwa Ndani ya Dhoruba

Mnanisumbua na habari za mkwe wangu kama vile hamna za kwenu. Haya, kaeni. Mwoga aende akaoshe vyombo.

Binti yangu aliolewa na msomi wa kompyuta. Si hizi za mapajani. Zake zilijaa ukumbi mzima, zikivuma kama nyuki. Kazi yao ilikuwa kuunda dhoruba ya hesabu tupu, ili wajue ya kweli itapiga wapi. Hesabu zilikuwa nyingi mno, hazina pa kuwekwa, basi mashine ilizichora picha papo hapo, ikazitupa hesabu zenyewe, ikaendelea. Kilichochorwa ndicho kilichobaki.

Asubuhi moja pakatokea doa kwenye picha. Upepo wote unazunguka, pale umesimama. Ukumbi ukaanza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Kaka, lile doa lina mabega," akanong'ona fundi mwenzake, dada mmoja mtulivu. "Simamisha mashine."

"Tukisimamisha tunarudi mwisho wa foleni ya wanaoingoja mashine. Na mkubwa anakuja leo."

"Linageuka, kaka. Linatutazama."

Msomi wangu akafanyaje? Akaiamuru mashine ipake pale rangi ya upepo. Picha ikawa safi, mkubwa akapiga makofi. Elimu hiyo!

Aliporudi nyumbani mchana alikuta pazia la sebuleni linapepea upande mmoja, upande wa pili limenyooka kama ubao, na harufu ya majivu imemtangulia, na mwanawe, kasuku yule asiyeishiwa maneno, amekaa ameikabili kona, midomo imebadilika rangi, kifua kinapanda kwa taabu, akasema polepole bila kugeuka:

"Baba, mbona umemfunika uso? Anasema hapumui."

Tukamleta mganga mbio. Hakukaa hata kitini.

"Mfunue," akamwambia mkwe wangu.

"Siwezi, mzee. Hesabu zilishatupwa."

"Nani alimfunika?"

"Mimi."

"Ulimwona kwanza?"

"Nilimwona."

"Basi sura yake imebaki machoni mwako. Atayachukua macho hayo, au atachukua pumzi ya mtoto. Sema upesi."

Mkwe wangu ni mpumbavu, lakini ni baba. Akapiga magoti mbele ya kona, akakodoa macho, wala hakupepesa. Hakupiga hata kelele. Pazia likapepea lote, mtoto akavuta pumzi, akalia.

Mtoto mwenyewe sasa ni mwanamwali, mzuri hasa. Watu wakimsifu, babake hunyoosha mkono, akampapasa uso taratibu, kuanzia paji mpaka kidevu, kisha akauliza, "Kweli?"