Vidonge vya Ndama

Hii ni kweli tupu, naapa, na anayebisha aende Katesh akaulize; mkininasa na uongo, kama desturi ya kijiwe hiki, chai nalipa mimi.

Benedikta, dada wa maabara pale zahanati, alikutana na Gidamis katikati ya mnada, ng'ombe alipomsukuma hadi kifuani kwa kijana huyo. Yeye gauni la bluu na viatu vya kisigino. Kijana ovaroli imejaa makapi ya ngano, maana aliendesha kombaini kwenye mashamba ya serikali.

"Samahani, kaka."

"Mwache ng'ombe aombe mwenyewe."

Wakapendana. Msimu wa mavuno, chuma kikamchana Gidamis mguu, ukatunga usaha. Akapewa vidonge vya rangi mbili ameze mpaka viishe. Baadaye akapiga simu kutoka ofisi ya shamba.

"Mpenzi, mguu umevimba tena."

"Vidonge ulimaliza?"

"Kidonda kilikauka... vilivyobaki nikamtilia ndama kwenye maziwa. Alikuwa anaharisha. Ndama wa mahari yako, mama!"

"Mguu ukikatwa, niolewe na ndama?"

Benedikta akakata simu. Daktari alishasema: uvimbe ukivuka goti, mguu unakatwa.

Asubuhi Gidamis akaingia maabara akichechemea, kanuna. "Unanikatia simu? Umepata mwingine?"

"Inama hapa utazame." Alishamkamua tone la usaha, akalichanganya na dawa, akageuza kioo cha darubini kivute jua. "Dawa hii haimpasui mdudu. Inamwingia ndani. Vinu vyake vya kutengeneza protini vinasimama, uzi wake wa urithi unajikunyata katikati. Lakini hajafa! Ni kombaini iliyozimwa, dizeli imo. Ukiacha dawa mapema, inawaka."

Gidamis alitazama mpaka jasho likamtoka. "Nimewaona wamejikunyata. Nipe, nimeze."

"Mbele yangu. Ndama ana bwana mifugo wake."

Kila asubuhi Benedikta alimchora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipofika. Mwanzo uvimbe uliuruka mstari, ukalikaribia goti. Hatimaye siku moja mstari ukabaki juu peke yake, uvimbe umeshuka chini yake.

Gidamis akameza kidonge cha mwisho. "Nikija kwenu Tlawi na wazee, utanifungia mlango?"

"Njoo na miguu yote miwili."

Hapo mjukuu wangu Kornelia, anayesoma baiolojia, akanidaka: "Babu, kwa darubini ya kioo na jua, ndani ya bakteria hupaoni hivyo!"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Haya, chai ya wote na maandazi nimelipa mimi.

Lakini Gidamis aliona.