Dakika za Tamsin

Jumamosi ile soko la Salamanca lilikuwa halipitiki. Klabu yetu ya kukimbia ilikuwa na meza ya soseji pale pembeni. Mimi nakata mikate, Corbin Haddow anageuza vitunguu, na alikuwa ameviunguza kama kawaida yake. Mara akasimama mbele yetu dada mmoja mwenye koti la mvua la manjano, nywele nyekundu zimemganda shingoni, miguuni viatu vya kukimbilia vilivyolika upande.

"Hivi vitunguu," akauliza, "mnauza au mnavizika?"

Corbin aliangalia viatu kabla ya uso. Ndivyo alivyo yule bwana. Akamuuliza huwa anakimbilia wapi, naye akajibu popote pasipo na watu. Corbin akamwambia aje Jumanne, kwetu watu ndio tunao, mbio hatuna. Dada akacheka, akala vitunguu vyake vyeusi, na Jumanne akaja kweli. Jina lake Tamsin Quilty.

Sasa, Corbin kwetu ndiye mgawa dakika. Kila mwezi tuna mbio ambazo wazito hutangulia na wepesi huondoka mwisho, kila mtu na dakika zake, ili tufike pamoja. Hizo dakika huzitoa kwenye daftari lake, na kwa miaka tisa hajampendelea hata mama yake mzazi. Dhambi kubwa kwetu ni moja tu: kujificha. Yaani unajikokota makusudi ili upewe dakika nyingi, halafu siku ya kombe unafyatuka. Mtu wa hivyo hatumsahau.

Tamsin alianza mwisho kabisa, anahema, mkono kiunoni. Corbin akawa anajifanya anakagua njia, kumbe anamsubiri. Halafu simu zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe umeniota?"

"Sijalala bado, mpenzi."

"Basi kalale, uniote."

Baridi ilipoingia walikuwa wanatembea mikono yote miwili katika mfuko mmoja wa koti, na sisi tunajifanya hatuoni.

Ikafika siku ya kombe. Corbin alimpa Tamsin dakika kumi na moja, kama daftari lilivyosema. Tamsin akashinda, tena akatuacha karibu dakika nne. Hakuna aliyepiga makofi. Corbin alifungua daftari, akalifunga, akalifungua tena, uso umempauka. Kisha akauliza mbele yetu sote, "Tamsin, ulikuwa unajificha?"

"Unaniuliza mimi?"

"Hakuna mtu anayepunguza dakika nne kwa mwezi mmoja."

"Basi endelea kulala na daftari lako."

Akaweka kombe mezani, kando ya biskuti nilizowaletea wakimbiaji, akaondoka. Nilimwambia Corbin ni mjinga, lakini nisiwe mnafiki, moyoni nami nilikuwa na shaka. Alipiga simu siku ishirini, haikupokelewa. Mbio zilizofuata, za mlimani, akampanga dakika sifuri, aondoke wa mwisho kuliko wote, maana sheria ndiyo hiyo.

Wiki moja kabla ya mbio ikaja fomu ya mgeni, Rowena Quilty. Wageni wote Corbin huwapigia simu kuuliza afya, asije akampa mgonjwa dakika za mzima.

"Umewahi kuugua, dada?"

"Figo zangu zilikufa zote mbili. Sasa natumia ya mdogo wangu, mwaka haujaisha."

"Mdogo wako nani?"

"Si mnakimbia naye? Tamsin." Corbin akamwomba arudie jina. "Kumbe hakuwaambia. Alisema mtamhurumia. Mwezi wa kombe ndipo nguvu zilipomrudia, akanipigia analia kwa furaha, eti amepata miguu yake."

Corbin alikuja jikoni kwangu akakaa bila kugusa chai. "Bi Glenys," akaniambia, "nimemwita mdanganyifu mtu aliyepasuliwa ili dada yake apone. Akinikataa maisha yangu yote, atakuwa na haki."

Siku ya mbio theluji ilikuwa imeshuka hadi kwenye miti ya kijiji cha Fern Tree, pale mlimani. Rowena alipewa dakika thelathini na nane, akaondoka wa kwanza na fimbo yake na koti la zambarau. Tukafuata mmoja mmoja. Mwisho wakabaki wawili tu mstarini, Corbin na saa yake, Tamsin na dakika tatu za kungoja. Waliyosemezana nimeyapata kwa wote wawili, na yanalingana.

"Nilikukosea mbele ya watu," Corbin akasema. "Juu huko nitasema mbele ya watu. Lakini kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniongezea dakika."

"Ningekuongezea, ndiyo."

"Ndiyo sababu. Nilitaka uniamini bila cheti cha daktari, Corbin."

Corbin akaitazama saa yake. Saa ikaenda. "Leo nimekupa sifuri," akasema mwishowe, "na baada ya kujua yote sikuibadilisha."

Hapo ndipo Tamsin alipomtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha muda ukafika, akaondoka. Corbin akaruka ndani ya gari kuwahi juu.

Mimi Tamsin alinipita kwenye kona ya mwisho. Nimekaa klabuni miaka ishirini na miwili, na sikuwa nimeona kitu cha namna ile. Mlima ule ulikuwa unatuua sote, yeye anaupanda kana kwamba unamteremkia. Nilisimama. Na wenzangu wakasimama, watu wa mashindano, wakasahau kushindana. Mbele yake alibaki mmoja tu, koti la zambarau, fimbo imeshatupwa, Rowena anakimbia. Akasikia nyayo za mdogo wake, na bila kugeuka akapaza sauti: "Ole wako upunguze!"

Tamsin hakupunguza. Alimpa dada yake heshima yote, akakimbia kwa roho yake yote, na Rowena akafika mbele kwa bega moja. Mwili mmoja ulikuwa umegawanywa, na ulifika mara mbili. Nililia, sioni haya kusema.

Corbin akatimiza ahadi. "Huyu hakujificha," akatutangazia. "Mimi ndiye niliyekosa, na namwomba radhi mbele yenu."

Tamsin alikuwa ameinama anahema. "Nimetumia dakika ngapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nilisahau kubonyeza saa. Nilikuwa nakutazama."

Rowena alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. Tamsin akajifuta pua kwa glavu, akamwangalia bwana yule muda mrefu.

"Miaka tisa hujasahau kumpima mtu hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi mwanamume huyo naweza kuolewa naye," akasema. "Ila aniombe vizuri, na asinihurumie."

Akaomba palepale, magoti yanalowa, na sisi wazito tukaendelea kuingia mmoja mmoja, hakuna wa kutuandikia muda.