Mkanda wa Mawe

Mvua ya ghafla iliwafagia watu wa mtaa wa Asiatique, Bujumbura, wakajibana vibarazani mwa maduka, na ndivyo Saliha alivyojikuta bega kwa bega na mwanamume mrefu aliyekumbatia vitenge viwili kama mtu aliyebeba mapacha.

"Dada, samahani," akasema yule mwanamume. "Mama yangu atapenda kipi? Hiki cha ndege ao hiki cha maua?"

"Mama yako mi simjui."

"Utamujua."

Saliha alicheka kabla hajajizuia. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu na mtandio wa kijani, mikono inanuka gundi ya mpira, na hakutegemea kuchokozwa siku hiyo. Akachagua cha ndege. Mvua ilipokatika, mwanamume yule, Massoudi, alikuwa amekwishapata namba yake ya simu.

Massoudi alikuwa mtoto wa mtaa wa Cibitoke aliyekuja likizo. Kazi yake ilikuwa huko Kongo, kwenye mgodi wa shaba, akiendesha lori la mawe ambalo gurudumu lake lilimzidi kimo. Saliha naye alikuwa fundi wa kuunga mikanda ya mpira, ile mipana inayobeba mizigo viwandani. Wazazi wake walikuwa wamefariki. Alipanga chumba mtaa wa Nyakabiga, na tangu aingie humo hakuna aliyemuuliza amerudi saa ngapi.

Likizo ikaisha, mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Uko wapi, sheri?"

"Kazini. Na we?"

"Chini mushimo, nangoja wanijazie mawe. Nikipanda na muzigo nakuwaza. Nikishuka mutupu nakuwaza mara mbili."

"Sasa lori nani anaendesha?"

Massoudi alicheka mpaka wenzake nyuma wakampigia honi.

Kisha mwajiri wa Saliha, mzee Gélase, akamwita. Kulikuwa na kazi Kongo: mgodi fulani umechoshwa na malori yanayokunywa mafuta mchana kutwa. Wanashusha mashine ya kuponda mawe hukohuko shimoni, na mkanda mrefu utayapandisha mpaka kiwandani. Saliha aliuliza jina la mgodi. Ulikuwa mgodi wa Massoudi.

Jioni ile Massoudi alipiga simu ana furaha. Amepata kiwanja Cibitoke. Sebule itatazama barabara, na jikoni dirisha kubwa.

"We unanisikia?"

"Nakusikia, roho yangu."

Hakumwambia. Akasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine, hadi siku Massoudi alipomkuta mgodini, amepiga magoti juu ya mpira mweusi, kisu mkononi.

"Saliha! Umekuja kunishitua?" Akang'aa uso mzima. Halafu akautazama mkanda, akaitazama ile ovaroli, na furaha ikamtoka. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla hujanieleza habari ya ile nyumba."

Massoudi akavaa kofia yake ya kazi, akaondoka.

Mkanda ulipowashwa, mawe yalipanda yenyewe kilimani. Malori yalipangwa pembeni, na madereva wakaitwa ofisini kwa makundi kuambiwa warudi kwao. Saliha aliwatazama wakitoka na mabegi yao. Simu ya Massoudi haikupatikana.

Akarudi Bujumbura. Watu wakamwambia wamemwona Massoudi kwa mama yake, Cibitoke, amekonda. Mara mbili Saliha alivaa gauni lake zuri, akafika mpaka karibu na ile nyumba, akageuka. Sikukuu ya Idi ilimkuta kitandani, akisikiliza majirani wakicheka ng'ambo ya ukuta. Kila simu ilipolia aliirukia. Kila mara alikuwa mzee Gélase.

Hatimaye ikalia ile aliyoingoja. "Naondoka asubuhi," Massoudi alisema. "Njoo tuagane."

Alimkuta kando ya basi, shati jeupe limepigwa pasi.

"Mukanda sikuukasirikia," akasema. "Mashine ni mashine. Nilikasirika juu ya kunyamaza kwako. Mi najenga nyumba kwenye simu, na we unajua."

"Niliogopa kukupoteza."

"Najua. Hasira imeisha, sheri. Nimepata lori lingine, mugodi uko mbele ya Lubumbashi." Akautaja.

Saliha aliujua mgodi huo. Alikuwa ndiyo kwanza amerudishiwa mtu wake. Angeweza kunyamaza, basi likaondoka, wakapigiana simu za mapenzi kama zamani.

"Massoudi. Na kule tumeitwa. Mwaka kesho wanaweka mkanda."

Massoudi akajifunika uso kwa viganja. Mabega yakatikisika. Saliha alidhani analia. Alipoviondoa, alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Safari hii umesema."

"Basi usiende!"

"Apana. Mwaka muzima ni kazi, na hapa sina kitu. Kwenu, posa anapokea nani?"

"Baba mdogo Hamissi."

"Mama atafika kwake Ijumaa. Alikuwa anangoja tu mi nimalize hasira."

Dereva akapiga honi. Massoudi akamshika mkono hadi mlangoni mwa basi, akauachia, akapanda.

Saliha alisimama mpaka basi likapotea. Kisha akatembea kwa miguu hadi Nyakabiga, akafungua mlango wa chumba chake akiwa mchumba wa mtu, akawasha jiko, akapika wali wa mtu mmoja.