Abiria Asiye na Karatasi

Jioni ile Jemadari alikuwa amebakiza sahihi moja tu.

Siku nne nzima alikuwa amezunguka katika nchi ya watu, meza hadi meza, akitafuta ruhusa ya kumrudisha kaka yake nyumbani. Cheti cha kifo alikipata. Cheti cha dawa ya kuhifadhi mwili alikipata. Kibali cha kuvuka mpaka nacho alikipata, baada ya kumsubiri afisa mmoja aliyekwenda kunywa chai asubuhi akarudi siku ya pili. Sasa ilibaki sahihi ya mochwari, na mochwari ilikuwa inafungwa saa kumi na mbili.

Jina hilo la Jemadari hakulipata jeshini, msije mkamwogopa bure. Alikuwa fundi makochi. Jirani zake ndio waliompa kwa ajili ya mdomo wake, maana ukimsikiliza bwana huyu, amewahi kumfukuza chui kwa kandambili, tena kandambili yenyewe imekatika.

Habari za msiba zilipofika, mama yake hakulia kwa sauti. Alimshika mkono akamwambia, "Niletee mwanangu nimzike. Nisije nikafa nimekaa mlangoni namsubiri."

"Mama, hilo mimi nalimaliza kwa mkono mmoja."

Haya.

Mhudumu wa mochwari alikuwa mzee mwembamba, muda wote anamung'unya pipi ya kikohozi. Utaratibu wa pale ulikuwa mfupi: ndugu anamtazama marehemu usoni, anasema ndiye, anatia sahihi. Ndipo fundi analehemu bati la ndani ya sanduku, hewa isiingie wala kutoka. Mzee akavuta droo. Kriiii... Ubaridi ukatoka, pamoja na harufu ya dawa iliyomwingia Jemadari mpaka kwenye meno.

Shuka likafunuliwa.

Jemadari akatazama kalenda ukutani.

Ilikuwa kalenda ya mwaka juzi, na aliisoma yote, Januari mpaka Desemba, kama mtu anayetafuta siku ya harusi. Kwa pembe ya jicho aliona vidole vya miguu. Vilikuwa kumi. Vikamtosha.

"Umemwona?" mzee akauliza.

"Nimemwona."

"Usoni?"

"Mzee, huyu nimelala naye kitanda kimoja miaka tisa. Nipe kalamu."

Mzee hakutoa kalamu. Alisogea karibu, akanong'ona.

"Nauliza kwa sababu. Humu ndani nina mmoja hana mwenyewe. Mwaka wa tatu huu. Hana jina, hana karatasi. Watu wa manispaa wakija kumchukua wakamzike, gari lao haliwaki. Anataka kwao. Sasa, kila akija ndugu wa mtu, naikuta droo yake imefunguka... kidogo tu. Anasikiliza, walio hai na wafu. Anamsubiri yule ambaye hatamtazama mtu wake usoni."

"Wa nini huyo?"

"Huyo atatoka hapa hana uhakika. Na mtu asiye na uhakika, utamwambia lolote." Mzee alihamisha pipi shavu la pili. "Likishafungwa sanduku, lisifunguliwe mpaka mfike kwenu."

"Nani alifungue? Kwani kuna keki?" Jemadari akacheka. Alicheka peke yake.

Akatia sahihi. Fundi akalehemu, moshi wa risasi ya kulehemea ukajaa chumba. Afisa afya akabandika lakiri nyekundu mahali ubao ulipokutana na kifuniko, akaigonga muhuri ingali laini. Wanaume wanne wakalibeba sanduku huku wanabishana habari za mpira, wakalipakia kwenye pikapu, turubai likavutwa juu.

Njiani bati likaanza kulia. Tang... tang...

"Bati likipoa ndivyo lilivyo," dereva alisema. "Usianze."

"Nani ameanza? Mimi?"

Walifika mpakani giza limeshaingia. Ofisi zilikuwa mbili, huku na huku, na katikati kipande cha lami cha hatua kama mia ambacho si cha nchi yoyote. Upande wa kwanza waligonga mihuri bila maneno. Kizuizi kikainuka, pikapu ikapita, kizuizi kikashuka nyuma yao. Dereva akachukua bahasha ya karatasi zote, akaenda kupanga foleni ofisi ya pili.

"Kaa na kaka yako," alisema.

Jemadari akakaa. Akajaribu kupiga mbinja. Midomo ilikuwa mikavu.

Tang.

Tang, tang.

Halafu kimya.

"Kadogo..."

Dunia nzima ilimwita Jemadari. Ni mtu mmoja tu aliyemwita Kadogo, na mtu huyo alikuwa amelala chini ya turubai.

Lakini sauti haikutoka chini ya turubai. Ilitoka nyuma, kule kwenye kizuizi.

Mtu alikuwa amesimama pale. Pekupeku. Amejifunga shuka la mochwari, linachuruzika maji. Taa ilikuwa nyuma ya kichwa chake, na uso wote ulikuwa kivuli.

"Kadogo, mbona umeniacha?"

"Ka... kaka?"

"Karatasi zangu umempa nani? Nikitaka kuvuka, nazuiwa. Sina karatasi. Aliyemo humo si mimi."

"Nilikuona," Jemadari alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mbuzi. "Nilikuona mwenyewe."

"Uliona kalenda."

Hapo jasho likamtoka mpaka kwenye kope.

"Mtazame," sauti ikabembeleza. "Tundu dogo tu. Ukinikuta, funga uende. Usiponikuta... utampelekea mama mtu gani?"

Mama! Akamwona mama anamlilia mtu baki, anamwagia udongo mtu baki, kisha anarudi kukaa mlangoni kumsubiri mwanawe mpaka macho yaingie ukungu. Hakuweza. Afadhali kifungo cha kuvunja lakiri. Akatoa bisibisi na koleo kwenye mkoba wake wa kazi, akapanda nyuma, akafunua turubai.

Lakiri ilivunjika kama biskuti.

Akalegeza skrubu za upande wa kichwani. Akaingiza bisibisi kwenye ukingo wa bati, akabinya. Risasi ikaachia. Akalikunja bati kwa koleo, upana wa kiganja. Hewa ikatoka, fffff, na harufu ile ya dawa. Akawasha tochi ya simu. Safari hii hakukuwa na kalenda. Akatazama.

Nyusi ya kushoto, kovu la jiwe alilolirusha yeye mwenyewe utotoni. Mdomo ule ule wa dharau kidogo.

Kaka yake.

"Ni wewe," alinong'ona, machozi yanadondokea bati. "Ni wewe, kaka. Ulikuwa wewe tangu mwanzo."

Akainua kichwa atazame kizuizini.

Hakukuwa na mtu.

Kulikuwa na nyayo. Nyayo za maji, za miguu mitupu, juu ya lami kavu. Zilipita chini ya kizuizi, zikaja moja kwa moja mpaka kwenye gurudumu la nyuma.

Zilikuja tu. Hazikurudi.

Na pikapu ikashuka... taratibu... springi zikalia, kama mtu mzito anapokaa.

Dereva aliporudi na afisa afya wa upande wa pili, alimkuta Jemadari amelikumbatia lile tundu kwa mikono miwili. Afisa alikuwa mama mmoja wa makamo. Akamulika lakiri iliyovunjika.

"Nani amefungua hili?"

"Mimi, dada."

"Kwa nini?"

"Sikumtazama kule. Niliogopa." Dereva baadaye aliapa kwamba hilo ndilo neno la kwanza la kweli kumsikia Jemadari akilisema tangu wafahamiane.

Walilala pale, sanduku liko chini ya ulinzi. Asubuhi afisa alimulika ndani, akalinganisha na picha, akaandika: mwili mmoja. Fundi akaitwa akalehemu upya, lakiri mpya ikabandikwa, wakaruhusiwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kule mochwari sanduku lile lilibebwa na wanne, wanapiga soga. Nyumbani walilishusha wanane, tena walilitua chini mara mbili kabla ya kufika kaburini, wanatazamana bila kusema. Dereva hakuwasaidia, alichutama nyuma ya gari. Alikuwa anatazama springi zinavyopanda.

Wakazika. Mama akalia, safari hii kwa sauti, na Jemadari akasema moyoni kwamba yameisha.

Kesho yake, mchana kweupe, waombolezaji wameshatawanyika, alimkuta mama mlangoni. Amesimama. Hakuwa amekaa.

"Kaka yako alikuja na nani?" mama aliuliza.

"Na mimi, mama."

"Na nani mwingine?"

Jemadari, mwenye maneno ya kujaza gunia, akatazama ukuta kama anatafuta kalenda.

"Kuna mtu alikuwa anagonga dirisha la nyuma tangu alfajiri," mama akaendelea. "Kwa adabu kabisa. Ananiita mama. Nilijua si kaka yako, sauti ya mwanangu naijua. Akasema ametafuta kwao miaka mitatu, na wewe ndiye umemleta."

"Mama, usimfungulie. Mama, nakuomba, chochote atakachosema, usi..."

"Nimeshamfungulia."

Chumbani kwa marehemu kitanda kikalia, kama mtu mzito anajigeuza. Harufu ya dawa ikaja mpaka mlangoni.

"Nilizaa wawili, nimezika mmoja, na sasa ni wawili tena," mama akasema. Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akamwekea Jemadari kidole mdomoni.

"Sema polepole. Ndugu yako kalala."