Tarehe kwenye Pasipoti ya Mjerumani

"Sindano, achana na hiyo gari."

Elieth aliibana simu kati ya sikio na bega. Mshale wa spidi ulikuwa umegota kwenye mia na arobaini, na Land Cruiser ilikuwa inatetemeka mpaka vioo vinalia. Mbele, kwenye barabara ya kutoka Ushirombo kwenda Runzewe, Prado nyeupe ilikuwa imebaki nukta.

"Sindano! Unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Yule ni mtalii. Raia wa Ujerumani. Viza anayo, karatasi zake zote ziko sawa. Ukimgusa bila amri yangu, ubalozi utanipigia simu kabla sijamaliza chai. Operesheni yetu ni Jumapili. Leo Jumanne. Geuza gari."

"Mkuu, umeisoma tarehe ya pasipoti yake?"

"Umeshanieleza! Inaisha Novemba, bado iko hai. Tatizo liko wapi?"

"Liko hapo hapo."

Akakata simu. Akaitupa kiti cha pembeni kama kitu kinachonuka.

Sindano lilikuwa jina lake la redioni. Kwao, Ushirombo, alikuwa Elieth, binti wa mwalimu wa dini, na miaka kumi na mmoja aliyoitumikia Idara ya Usalama haikumfundisha kuficha hasira. Ilimfundisha tu kuielekeza panapostahili.

Wiki tatu alikuwa akimfuata Reinhold Kessel. Shinyanga mjini, siku nne kwenye nyumba ya wageni ya Kambarage. Samuye, akipiga picha ndege kwa Nikon yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima. Kisha Geita. Kisha hapa Bukombe. Popote alipokwenda, aliendeshwa na Fredy, dalali wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mzaliwa wa kijiji cha Busenyela.

Na mlimani, juu ya Busenyela, kulikuwa na mtambo wa kuchenjulia dhahabu, na bwawa lake la topesumu, tope la sayanaidi linalobaki dhahabu ikishatolewa. Chini ya ukuta wa bwawa hilo kulikuwa na kaya mia nne, visima, mashamba ya pamba na ng'ombe wasiohesabika.

Kampuni moja ya nje, isiyo na kibao mlangoni wala jina la mtu, ilikuwa inautaka mlima ule, na Idara iliamini Kessel ni mtu wake. Bwawa likipasuka, mwenye leseni ataondolewa, wanakijiji watahamishwa, na mlima utachukuliwa kwa bei ya bure. Sayanaidi ingefanya kazi ambayo mawakili walishindwa.

Idara ilikuwa imenasa sauti ya Fredy kwenye simu. *Jumapili*, alisema. Basi ofisi nzima ikaanza kujiandaa kwa Jumapili.

Mpaka asubuhi ile, Elieth aliposimama mapokezi ya nyumba ya wageni ya Mama Violeth.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzungu wako kaondoka. Mizigo yote kabeba."

"Anarudi lini?"

"Harudi. Kasema leo hii hii avuke Rusumo, akalale Kigali. Nikamwambia pumzika baba, utaenda kesho. Akacheka. Kasema kesho haiwezekani."

Mama Violeth alikuwa mtu wa utaratibu. Kila mgeni alimtolea nakala ya pasipoti na kuibandika kwenye daftari. Elieth akaisoma mara moja. Akairudia.

Inaisha tarehe kumi na tisa Novemba.

Siku ile ilikuwa tarehe kumi na tisa Mei.

Mpaka wa Rwanda, kama wa kwetu, unataka pasipoti ya mgeni iwe na uhai wa miezi sita mbele. Ya Kessel ilikuwa na miezi sita kamili, wala si siku zaidi. Kesho asubuhi ingekuwa imepungua, na afisa yeyote makini angemrudisha. Na mtu anayepanga kulipua bwawa Jumapili hakimbilii mpakani Jumanne amuachie Fredy kazi. Fredy hakujua kuunganisha hata betri ya redio.

Bwawa lilikuwa linalipuka leo.

Alimweleza Mkuu Leodgar yote hayo. Mkuu akamwambia asubiri, aulize juu.

Asubiri!

Akamkumbuka mdogo wake, Apolonia, muuguzi, aliyealikwa Ujerumani kwa mafunzo ya wiki mbili. Wiki mbili tu. Ubalozini walimtaka taarifa ya benki ya miezi mitatu, barua ya mwajiri, cheti cha ndoa, bima, hati ya nyumba. Akapeleka vyote kwenye bahasha, amevaa gauni lake la kanisani. Wakamjibu kwa mistari miwili kwamba hawakuridhika kuwa angerudi kwao.

Kessel yeye alilipia viza ya matembezi, akagongewa siku tisini, akatabasamiwa. Na akaja na fataki za kulipulia baruti.

Elieth akakanyaga mafuta.

Prado ilikuwa inapunguza mwendo kabla ya daraja jembamba. Akaipita kwa kulia, upana wa kiganja, akakata usukani na kuliziba daraja. Matairi yakapiga kelele. Prado ikasimama hatua tatu tu kutoka mlangoni kwake.

Akashuka, bastola yake ya Glock imelala pajani.

"Fredy, zima gari. Mikono kwenye usukani."

Fredy akazima. Jasho lilikuwa limeshamlowesha kola.

Kessel hakuwa na jasho. Alishusha kioo, akanyoosha mkono wenye pasipoti kabla hajaulizwa.

"Habari za mchana, dada," alisema kwa Kiswahili cha darasani. "Viza ya matembezi, siku tisini. Kadi ya homa ya manjano. Tiketi ya kurudi. Kila kitu kipo sawa."

Kisha akatazama saa yake.

Elieth akaipokea pasipoti. Akamwona anaitazama saa mara ya pili. Saa saba kasoro dakika kumi.

Akabonyeza redio ya Motorola begani. "Uzi, Sindano. Nipe hali."

Boaz, mwenzake aliyemtuma huko asubuhi ile, alikuwa juu ya ukuta wa bwawa. "Sindano, Uzi. Nimezunguka mara mbili na mbwa. Droni nimerusha. Hakuna kitu."

"Watoe watu."

"Mwenyekiti wa kijiji anataka barua kutoka wilayani."

"Mwambie barua naileta mwenyewe, na nitamsomea mbele ya wake zake! Watoe watu, Boaz!"

Kessel akatabasamu. Kidogo tu, pembeni ya mdomo.

Tabasamu lile ndilo lililommaliza Elieth. Lakini hakumpiga. Akazunguka upande wa dereva, akamtupia Fredy pasipoti mapajani.

"Soma inaisha lini."

"Afande, mimi dereva tu—"

"Soma!"

"Kumi na tisa... Novemba."

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tisa, Mei."

"Kesho mpaka haumpitishi. Jumapili atakuwa kwao anakunywa bia. Wewe alikwambia Jumapili, sio? Watu wakiwa misani parokiani, kijiji kitupu. Mama yako anakaa wapi, Fredy?"

Fredy akaikunja pasipoti mkononi.

"Nakuuliza! Mama yako anakaa wapi?"

"Busenyela," akasema. "Jumamosi nilikuwa nampeleka Kahama... kwa daktari wa macho... nilishamwambia afunge mizigo."

"Leo yuko wapi?"

Fredy alimgeukia Kessel taratibu, kama mtu anayeamshwa.

"Uliniambia Jumapili."

"Endesha gari," Kessel alisema.

"Uliniambia Jumapili! Uliapa hafi mtu! Uliapa mbele yangu, wewe!"

Mkono wa Kessel ukaingia kwenye begi la kamera.

Elieth hakungoja kuona utatoka na nini. Aliruka boneti. Bastola ya Walther ilipochomoza dirishani, aliudaka mkono ule akauvunjia kwenye ukingo wa mlango. Mfupa ukalia. Risasi ikaenda juu, ikapasua hewa. Akafungua mlango, akamvuta Mjerumani nje, akamlaza kifudifudi kwenye lami ya moto na kumpiga pingu.

"Bomu liko wapi?"

Kessel alikuwa anahema. "Nataka ubalozi wangu."

"Utaarifiwa. Ndivyo sheria inavyosema. Liko wapi?"

Fredy ndiye aliyesema. Alisema akilia, maneno yakigongana.

"Bomba la tatu! Kalavati la kutolea maji, upande wa chini! Kuna dumu la njano la mafuta ya kula, limefukiwa mchanga. Alimwaga dizeli mbwa wasinuse."

"Uzi! Kalavati la bomba la tatu. Dumu la njano."

Sekunde zikapita. Lori la mahindi lilisimama nyuma yao, dereva akachungulia, akaona bastola, akarudisha kichwa ndani.

"Nimelipata," Boaz alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kuna saa. Dakika nne. Nyaya nyingi, zote nyeusi."

Elieth akamtazama Fredy.

"Asikate waya!" Fredy akapiga kelele. "Nilimwona akizifunga. Alisema waya ukikatwa inalipuka. Achomoe fataki! Ziko tatu. Azichomoe, azitupe mbali!"

"Una uhakika?"

"Mama yangu yuko kule, afande!"

"Uzi, chomoa fataki. Tatu. Tupa mbali, lala chini."

"Moja," Boaz alisema.

Upepo ukapita juu ya daraja.

"Mbili."

Kessel, shavu likiwa kwenye lami, alifumba macho.

Redio ikanyamaza. Elieth alihesabu mapigo ya moyo wake mpaka akapoteza hesabu. Kisha milio mitatu redioni, mikavu, midogo, kama mahindi kwenye kikaango.

"Zimelipukia mtaroni," Boaz alisema. "Baruti ninayo mkononi. Ukuta umesimama." Akapumua. "Sindano, naomba nikae chini kidogo."

"Kaa, kaka. Kaa."

Simu ililia kwenye kiti cha Land Cruiser. Elieth akaenda, akaipokea.

"Nimepata taarifa," Mkuu Leodgar alisema, sauti imenyooka kama ya mtu aliye mbele ya kamera. "Kazi nzuri sana tumefanya. Nimewaambia juu kwamba tulichukua hatua mapema."

"Tulichukua, nani na nani, Mkuu?"

"Unasemaje?"

Elieth akakata.

Fredy alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye tairi la Prado, mikono imeungana ndani ya pingu. Elieth akamchuchumalia.

"Namba ya mama yako."

Akaitaja. Elieth akaipiga, akaweka spika, akamsogezea simu mdomoni.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake mchi ukitwanga na kuku wakilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Fredy. Mbona saa hizi? Kuna kijana hapa anatufukuza eti tupande mlimani, nimemwambia siachi sufuria jikoni. Kuna nini? Baba, mbona unalia?"

Fredy alizidi kulia. Mama akaita, akaita tena.

Elieth hakuiondoa simu. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alitaka Fredy amsikilize mama yake vizuri, mpaka mwisho.

Mama alipokata mwenyewe, Elieth akasimama. Gari la polisi wa Runzewe lilikuwa linaingia darajani, taa zinawaka mchana kweupe. Akamwonyesha sajini wale wawili kwa kidole, akarudisha Glock kiunoni, akatembea hadi kwenye Land Cruiser bila kugeuka. Akaiondoa darajani ili lori la mahindi lipite.