Kifuniko cha Kikokotoo

Kwa siku tisa nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Ofisi ilikuwa imempa Dada likizo ya masomo ya siku kumi, ajiandae kwa mtihani wake wa uhasibu. Meza ya chakula ikawa yake. Mama, fundi wa nguo, alihamishia cherehani barazani ili kelele zisimsumbue. Hata mdogo wa Dada, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kufunga, alijitahidi kunong'ona.

"Likizo gani hii mtu hapumziki?" aliuliza siku moja. Dada alicheka bila kuinua macho.

Jumamosi ya mtihani, wakinywa chai, Dada alisoma tena karatasi ya masharti. "Simu ibaki nje. Kikokotoo kisiwe na maandishi yoyote, hata kwenye kifuniko. Atakayekutwa nayo atafutiwa matokeo, na hataruhusiwa kurudia kwa miaka miwili."

"Makubwa!" alisema Mama.

Chai ilimpalia Chiriku. Wiki iliyopita aliazima kikokotoo hicho kwa ajili ya jaribio la hesabu shuleni. Badala ya kukariri kanuni za maeneo na mizingo, aliziandika kwa wino ndani ya kifuniko, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Akapata kumi na tisa kwa ishirini. Mama aliibandika karatasi ya jaribio hilo ukutani barazani, na kila mteja aliyekuja kupimwa nguo alilazimika kuisoma kwanza. Maandishi yale Chiriku alisahau kuyafuta.

"Mbona kimya leo?" Mama aliuliza.

"Hamna kitu, Mama."

Dada alitia kikokotoo mfukoni, akaaga, akaondoka. Chiriku alishika fagio. Alifagia baraza, akalifagia tena, akaenda jikoni akasahau alichofuata. Akisema, alama zake kumi na tisa zitaota mbawa na Mama ataaibika mbele ya wateja. Asiposema, Dada atapoteza miaka miwili kwa kosa asilolijua. Hakukalika, hakusimamika. Mwishowe alitupa fagio akatoka mbio, Mama akimwita nyuma.

Mlangoni mwa ukumbi wa mtihani, msimamizi alikuwa akikagua watu mmoja mmoja. Mbele ya Dada walibaki wawili tu.

"Dada! Usiingie na hicho kifuniko!"

Foleni nzima iligeuka. Dada alikichomoa kifuniko, akakitazama ndani, na uso ukambadilika. "Nini hiki?"

"Ni maandishi yangu," Chiriku alisema huku akihema. "Niliibia kwenye jaribio. Nikasahau kufuta."

"Kitupe haraka kabla hajaona," alinong'ona mtu wa nyuma.

Dada alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi. "Mdogo wangu aliandika humu, nami sikujua. Naomba ukione kabla sijaingia."

Msimamizi alikisoma juu ya miwani yake, taratibu. "Eneo la duara," alisema. "Haya hayahusu mtihani wako, kweli. Lakini ungevuka mlango huu nacho, ningeandika jina lako, na maelezo yako yasingekusaidia. Kibaki nje." Akamkabidhi Chiriku.

Alasiri Dada alirudi amechoka, akaketi karibu na Chiriku barazani.

"Nimekukasirikia," alisema. "Lakini umekuja. Sikiliza. Ofisini walinipa siku kumi, na hakuna aliyekuja kunichungulia kama nasoma au nalala. Waliniamini tu. Mwalimu wenu naye aliwaamini na vikokotoo vyenu."

Chiriku alilia, kisha akamweleza Mama kila kitu. Mama alibandua karatasi ukutani.

Jumatatu Chiriku alimpelekea mwalimu kifuniko. Mwalimu alimpa sifuri, kisha akampa siku mbili za kusoma na jaribio jingine. Safari hii meza ya chakula ilikuwa ya Chiriku, na Dada ndiye aliyenong'ona.

Alipata kumi na tatu. Alimpa Mama karatasi akitazama chini, lakini Mama alikuwa tayari anatafuta gundi.

"Usiibandike, Mama. Ni chache."

"Naibandika. Hizi kumi na tatu ni zako, mwanangu," alisema Mama akiisawazisha ukutani. "Zile kumi na tisa zilikuwa za kifuniko."