Jerekani ya Manjano

Friza ilikuwa wazi, waya wake umechomolewa ukutani, na ndani hapakuwa na chupa hata moja.

Inspekta Mutsinzi aliinama akaingiza mkono. Kuta zilikuwa na barafu nene, ndiyo kwanza inaanza kudondosha matone. Kufuli lililokatwa lilikuwa sakafuni. Mlango wa maabara haukuwa na hata mkwaruzo.

"Ni kazi yangu yote, afande," alisema Dokta Winifred Ihirwe, mhadhiri wa kemia. Yeye ndiye aliyefungua maabara Jumatatu hiyo na kupiga simu polisi. "Dawa ya kuua vijidudu, niliyoikamua kutoka majani ya umuravumba. Nimeihangaikia tangu niliporudi kutoka Kampala. Wiki hii mtaalamu kutoka nje anakuja kuchukua chupa azipime mwenyewe. Baada ya hapo wangenipa uprofesa."

"Na sasa?"

"Sasa atapima nini?"

"Funguo anazo nani?"

"Za mlango, mimi na msaidizi wangu, Clovis Nahimana. Ya friza, mimi peke yangu."

Mutsinzi alitazama chini ya meza. Kwenye vumbi palikuwa na sehemu safi ya mstatili, kama kitu kilichokaa pale muda mrefu kimeondolewa.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Takataka tu. Labda wafagiaji wameitoa."

Viateur, mlinzi wa getini, hakuhitaji kuulizwa mara mbili. "Clovis alikuja Jumamosi, afande, siku ya umuganda. Kwa miguu, kutoka Nyakabanda. Pikipiki hazitembei, watu wote wanafyeka barabara, yeye iko anapanda mlima na begi. Nikamwambia, wenzako iko na majembe. Hakucheka hata kidogo."

"Na wewe jembe lako lilikuwa wapi?"

"Mimi niko kazini, afande."

"Jumapili?"

"Jumapili geti imefungwa. Leo Dokta ndiye wa kwanza kuingia."

Clovis alikamatwa getini asubuhi hiyo hiyo, akiwa ndiyo anawasili.

"Jumamosi ulifuata nini maabara?" Mutsinzi alimwuliza kituoni.

"Kazi."

"Kazi gani isiyoweza kungoja umuganda uishe?"

Kijana alitazama meza.

"Uligombana na Dokta?"

"Mwanafunzi gani hajagombana na msimamizi wake?"

"Kuhusu nini?"

"Afande, mimi nimekulia Bujumbura. Kwetu mwalimu ni mzazi. Usinilazimishe."

"Utakwenda jela kwa ajili ya heshima?"

"Siyo heshima tu. Tasnifu yangu imesimama juu ya kazi yake. Nikifungua mdomo, tunaanguka wote wawili."

Hakusema zaidi, si siku hiyo wala zilizofuata. Wapelelezi walipekua chumba chake cha Nyakabanda wakapata vitabu, sufuria na rozari. Alama za vidole zilirudi kutoka maabara ya uchunguzi: zake zilikuwa kila mahali, kama inavyotarajiwa kwa mtu anayefanya kazi mahali hapo. Kila njia aliyoifuata Mutsinzi iliishia ukutani.

Mkuu wake alichoka kabla yake. "Una kijana mwenye ufunguo, mwenye ugomvi, aliyeonekana. Unangoja malaika ashuke? Kesho faili liende kwa mwendesha mashtaka."

Huenda mkuu alikuwa sahihi. Jambo hilo ndilo lililomkera Mutsinzi: hakuwa na ushahidi mwingine, ila shaka fulani iliyokataa kumtoka.

Mchana alikwenda nyumbani kula. Mkewe, Béatha, alikuwa amepiga magoti mbele ya friji, anakausha maji kwa kitambaa.

"Barafu yote imekwisha?" Mutsinzi aliuliza.

"Nimeizima ulipotoka asubuhi. Ulifikiri ni jiwe?"

Mutsinzi aliacha chakula mezani.

Friza iliyozimwa na kuachwa wazi Jumamosi isingekuwa na barafu Jumatatu. Ilifunguliwa asubuhi ile ile. Kabla ya polisi, mtu mmoja tu alikuwa ameingia humo.

Lakini kwa nini mtu ajiibie jasho lake? Alirudi kituoni akamtoa Clovis mahabusu.

"Chini ya meza ya maabara kulikuwa na nini?"

Kwa mara ya kwanza kijana aliinua uso. "Imeondoka?"

"Nini?"

"Jerekani. Ya manjano."

"Jerekani ya manjano iko kila jikoni Kigali. Nani angeiba hiyo?"

Clovis alifunika uso kwa mikono. Alipoanza kuongea, aliongea chini chini.

"Majani tunayakamua kwa alkoholi. Chupa kubwa za kioo hazipatikani, basi alkoholi tunaiweka kwenye jerekani, pamoja na mpira laini wa plastiki, kama mrija, wa kuinyonyea. Mpira unashinda humo miezi. Alkoholi inaula. Nilipolinganisha vipimo niliona kwamba kile tulichokiita dawa ni kemikali ya kulainisha plastiki, afande. Haikutoka kwenye majani. Ilitoka kwenye mpira."

"Hamkuwahi kupima alkoholi peke yake?"

"Ndilo swali nililomwuliza Ijumaa. Hatukuwahi. Kila mtu alidhani mwenzake amepima. Alinifukuza ofisini."

"Na Jumamosi?"

"Nilikwenda kukamua upya, kwa vyombo vya kioo tu, bila plastiki. Nilitaka nijue kabla mgeni hajafika."

Mutsinzi alimchukua wakaenda maabara. Dokta Ihirwe alikuwa akifuta ubao. Alimwona Clovis, kisha pingu, akarudi kwenye ubao ingawa ulikuwa umeshakuwa safi.

"Dokta," Mutsinzi alisema, "Jumatatu nilipogusa friza yako, barafu ilikuwa bado nene. Nani aliizima?"

"Mwizi."

"Yupi? Geti lilifungwa Jumapili. Huyu alikuwa hajafika."

Dokta aliweka kifutio chini.

"Jerekani iko wapi?"

Aliketi kwenye stuli taratibu. Alitoa ufunguo wa gari mfukoni akauweka mezani.

"Iko kwenye buti. Pamoja na chupa. Nilitaka kuzimwaga nyumbani, Ndera, nyuma ya nyumba. Kila jioni nafungua buti, nazitazama, nafunga. Nimeshindwa."

"Kwa nini uliziiba?"

"Kwa sababu zikiibiwa, mimi ni mtu wa kuhurumiwa. Zikipimwa, mimi ni kichekesho. Unajua nimeomba uprofesa mara ngapi? Niliowafundisha sasa wananiita kwenye vikao vyao na kunionyesha kiti. Mara hii nilikuwa na kitu. Halafu huyu anakuja Ijumaa, ananiuliza swali la mwaka wa kwanza."

"Ukamwacha alale mahabusu."

"Kufuli nililikata ili aonekane mtu wa nje. Mlango nikausahau. Mlipomkamata, kila asubuhi nilisema leo nitakwenda kueleza." Aliusukuma ufunguo wa gari kuelekea kwa Mutsinzi. "Sikwenda."

Mutsinzi alimfungua Clovis pingu. Kwa Dokta hakuwa na haraka. Alimwambia polepole kwamba anamkamata kwa taarifa ya uongo na kuficha ushahidi, naye akaitikia kwa kichwa.

Clovis hakumtazama yeyote. Alikwenda kwenye kabati dogo la joto kwenye kona, ambamo vijidudu hukuzwa, akatoa kisahani cha kioo alichokiacha humo Jumamosi. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nacho hivyo.

"Hakuna kitu?" aliuliza Dokta.

Clovis alimpelekea. Vijidudu vilikuwa vimetanda kisahani chote kama ukungu, isipokuwa katikati. Pale, kuzunguka tone la dawa mpya, palikuwa na duara safi, jembamba kama ukucha.

"Hii ni ya kioo kitupu?"

"Kioo kitupu. Na alkoholi peke yake ni ile pembeni. Haikufanya kitu."

Dokta alikishika kwa mikono miwili. "Majani ya wapi?"

"Yale ya nyuma ya nyumba yako, Mwalimu. Jumatatu nilikuwa nakuja kukwambia tukitazame pamoja."